Albamu inatoka, ziara inafutwa, na mgonjwa wetu anasingiziwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wa tisa tangu nije Bristol, Uingereza, nikasoma, nikahitimu na nikabaki. Mchana ninafanya kazi katika ghala la vyakula na usiku ninapiga gitaa la besi katika bendi ya watu wanne ambayo sehemu kubwa ya gharama zake tunazibeba wenyewe. Hatuna kampuni kubwa nyuma yetu. Santuri zetu hutolewa na lebo ndogo yenye watu wawili tu, meneja wetu ana kazi nyingine inayomlisha, na kumbi tunazozijaza ni zile za watu 150 au 200, ambako msanii hushuka jukwaani akaenda moja kwa moja kusimama nyuma ya meza na kuuza fulana.

Albamu yetu ya pili itatoka Ijumaa, wiki tatu kutoka sasa, baada ya kazi ya miaka miwili. Nakala 500 za santuri zimekwisha kufika kutoka kiwandani na zimejaa sebuleni kwa mpiga ngoma wetu. Ili kuitangaza tulipanga ziara ya maonyesho 19: 11 hapa Uingereza, kisha 8 ng'ambo, kuanzia Paris hadi Copenhagen.

Mwezi uliopita mwimbaji wetu, ambaye pia ndiye mtunzi wa mashairi yetu yote, aliugua. Sitasema mengi kwa kuwa siri ni yake, ila alianza kwa kukosa usingizi, ikafuata hali ya kutetemeka kila alipoikaribia maikrofoni, na siku moja katikati ya mazoezi aliketi sakafuni akashindwa kuinuka kwa muda mrefu. Daktari amemwambia asipande jukwaani kwa muda usiopungua miezi mitatu. Alitulilia na kutuomba radhi kana kwamba ametuibia, nasi sote watatu tukamwambia kwamba ziara ifutwe na asiwe na wasiwasi. Mpaka hapo moyo wangu ni mweupe.

Kinachoninyima raha ni yale maonyesho 8 ya Ulaya. Wiki mbili kabla hajaugua, sisi watatu na meneja tulikaa tukapiga hesabu bila yeye, kwa sababu tulimwona amechoka na hatukutaka kumwongezea. Hamburg tulikuwa tumeuza tiketi 23, Brussels 31. Tulipojumlisha gari la kukodi, mafuta, feri, mahali pa kulala, ujira wa fundi sauti, shughuli za forodha kwa bidhaa tulizotaka kuuza, na hata ada ya viza yangu, kwa kuwa mimi bado ninasafiri kwa pasipoti ya Kenya ilhali wenzangu wanavuka bila viza, tulikuta hasara ya karibu pauni 7,000, hata kama kila kitu kingekwenda sawasawa. Tulikubaliana kuifuta sehemu hiyo ya ziara, na suala la namna ya kumwambia tukaliacha lisubiri. Kisha akaugua.

Sasa meneja ameandika tangazo lenye sentensi moja ya maana: kwamba kutokana na afya ya mwimbaji wetu, maonyesho yote 19 yamefutwa. Anasema huo si uongo, kwani hata kama fedha zingekuwepo asingeweza kwenda. Anasema watu humhurumia mgonjwa lakini humdharau aliyeishiwa, na kwamba promota akisikia bendi haiuzi tiketi Hamburg hataialika tena. Mmoja wa wale wa lebo akaongeza, kwa sauti ya mtu anayesema jambo la kawaida, kwamba huruma ya watu huenda ikaisaidia albamu katika wiki yake ya kwanza. Mpiga ngoma amekubali. Mpiga gitaa hasemi kitu. Mimi nimeomba siku nne za kufikiri, nao wananiona ninachelewesha mambo.

Mwimbaji hajui lolote kuhusu ile hesabu. Anaamini kwamba yeye peke yake ndiye aliyeiua safari ya Ulaya, na juzi alinitumia ujumbe akisema kwamba akipona atatafuta kazi ya ziada ili atulipe tulichopoteza. Nilishindwa kumjibu.

Kuna na mambo ya nyumbani. Dada yangu wa Manchester amenunua tiketi tano na kuwaalika wenzake wa kazini. Mtoto wa mama mdogo anayeishi Stockholm amekata tiketi ya treni aje Copenhagen. Baba, ambaye aliukubali muziki wangu kwa shingo upande, nilimwambia habari za ziara ya Ulaya kwa fahari, naye akawaambia wazee wenzake msikitini. Nikimwambia ni ugonjwa, atanipa pole. Nikimwambia ni fedha, ninajua atakachosema.

Nisaidie, Shangazi. Niliache tangazo lipite? Nimwambie mgonjwa ukweli katika hali yake hii, au nisubiri apone? Na albamu yenyewe itakuwa na maana gani ikitoka bila maonyesho, au nayo tuisogeze mbele?

Mpiga Besi, Bristol

*

Marahaba, mwanangu.

Tangazo hilo lisitoke kama lilivyo. Ninakupa jibu hilo kwanza kwa sababu siku zako ni nne tu, na haya mengine unaweza kuyasoma ukiwa umeshampigia meneja simu.

Meneja wako anakwambia, kwa lugha ya huko, lile ambalo sisi tumezoea kuambiana: funika kombe mwanaharamu apite. Sitajifanya kwamba makombe hayafunikwi. Yanafunikwa kila siku, na kuna siku nyingine huwa ni busara. Lakini tazama hili limefunikwa kwa nini: limefunikwa kwa shuka la mgonjwa. Ni kweli kwamba asingeweza kwenda Hamburg, lakini si kweli kwamba hiyo ndiyo sababu Hamburg imefutwa, na kila atakayelisoma tangazo ataelewa hilo la pili. Meneja analijua hilo, ndiyo maana akaliandika hivyo.

Na uongo huu unalipiwa na mtu mmoja. Tena ameshaanza kuulipia, maana ameanza kuwaza kazi ya ziada ya kufidia hasara ambayo ninyi mlikuwa mmeikwepa wiki mbili kabla yeye hajaketi sakafuni. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wakiwa na maana kwamba uzito wa mzigo anaujua aliyeubeba. Ninyi mmefanya zaidi ya hapo: mzigo ni wenu wenyewe, mnaujua uzito wake kwa hesabu ya pauni, na mmemtwika mtu ambaye hawezi hata kusimama. Ule ujumbe wa juzi ulioshindwa kuujibu ndio shauri lenyewe, mwanangu. Kama tangazo lingekuwa la kweli, ungejua la kumjibu.

Sikulaumu kwa kikao kile cha hesabu. Mlimficha kwa huruma, na siku ile pengine hata mimi ningekaa kimya. Ila alipougua, mambo yalibadilika, kwa kuwa siri iliyokuwa ikimpunguzia mzigo imegeuka kuwa ndiyo mzigo.

Meneja anaamini kwamba kuishiwa ni aibu isiyotamkika. Hapa amepitwa na wakati. Mwezi wa Aprili 2022 Little Simz, rapa wa London anayejitegemea, alifuta ziara yake ya Marekani akaeleza wazi kwamba, kwa kuwa gharama zote za maonyesho yake zinatoka mfukoni mwake, mwezi mmoja wa kuzunguka huko ungemwacha na pengo kubwa la fedha. Hakusema koo linamuuma. Oktoba ya mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Mercury, ambayo ni miongoni mwa tuzo zenye heshima kubwa kwa albamu za Uingereza na Ireland. Mwezi huohuo wa Oktoba, Animal Collective, bendi yenye asili ya Baltimore na uzoefu wa zaidi ya miaka 20, ilifuta maonyesho yake ya Uingereza na Ulaya katika mwaka uleule ambao ilikuwa imetoa albamu mpya. Walisema kwamba mfumuko wa bei, kushuka kwa thamani ya fedha na gharama za kusafirisha watu na vyombo vimeifanya hesabu isikubali kabisa. Mwaka uliofuata walitoa albamu nyingine. Sioni aliyedharaulika hapo, na kama watu wenye jina kama hilo walikiri kwamba Ulaya imewashinda, bendi inayoweka santuri zake sebuleni kwa mpiga ngoma haina sababu ya kujitia utajiri.

Kuhusu promota wa Hamburg, hebu mfikirie vizuri zaidi ya meneja wako anavyomfikiria. Yeye huona kwenye kompyuta yake kwamba ameuza tiketi 23. Hangojei tangazo lenu limfundishe kuhesabu. Wala watu wa kumbi ndogo si wageni wa kuishiwa. Kwa huko Uingereza, Music Venue Trust, taasisi inayozitetea kumbi za namna hiyo, ilihesabu kumbi 125 zilizoacha kuendesha muziki wa jukwaani katika mwaka 2023 peke yake. Mkimwambia ni ugonjwa tu, atawapa pole, atafunga mazungumzo, na rohoni atajua. Wakala wenu akimpigia na kumwambia kwamba tiketi hazikwenda na gharama zimewashinda, ninyi na yeye mna jambo la kuzungumza: ukumbi mdogo zaidi safari ijayo, miji mitatu badala ya minane, au kufungulia bendi ya kwao yenye watu wake. Mazungumzo hayo hayapatikani kwa mtu aliyeambiwa kwamba tatizo lilikuwa ni mishipa ya fahamu ya mwimbaji. (Na hiyo viza ambayo ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024 imenichekesha kwa uchungu. Miaka tisa unapiga besi Bristol, na mpakani wewe bado ni kijana wa Mombasa.)

Lipo jambo jingine ambalo hukulitaja na ninaomba mlitazame kabla ya neno lolote kutoka. Kama mlikata bima ya kufutwa kwa maonyesho, someni karatasi zake. Bima za aina hiyo kwa kawaida hulipa msanii akiugua, na hazilipi kwa sababu tiketi hazikununuliwa. Mkitangaza kwamba maonyesho yote 19 yamefutwa kwa ugonjwa, kisha mkadai fidia ya yote 19, ilhali kuna ujumbe na hesabu zinazoonyesha kwamba 8 yalikwisha kufutwa wiki mbili kabla, hapo suala si la adabu tena, ni la sheria. Mpelekee meneja hoja hii ikiwa zile nyingine hazimgusi.

Nirudi kwa mgonjwa. Unaniuliza umwambie sasa au usubiri apone. Mwambie wiki hii, na kabla ya tangazo. Ningesema subiri kama ukweli huu ungekuwa wa kumlemea, lakini huu unampunguzia: sehemu kubwa ya hasara anayojilaumu kwayo haikutokana naye. Hata hivyo, usimwandikie. Muulize kwanza mtu wake wa karibu, dada au mzazi au yeyote anayekaa naye, ni saa gani huwa mtulivu, kisha mwende ninyi watatu, meneja abaki. Anzeni na tarehe ya kile kikao, mkimweleza kwamba safari ya Ulaya ilikuwa imekufa kabla yeye hajaugua. Mpeni na hesabu yenyewe aione kwa macho, kwa sababu mtu anayejilaumu haamini maneno ya kubembelezwa lakini huamini tarakimu. Baada ya hapo ombeni radhi kwa kukaa bila yeye. Atakasirika, pengine sana. Muacheni akasirike, wala msimkumbushe kwamba mlifanya kwa ajili yake, kwani hakuna sentensi inayomchoma mtu aliyefichwa jambo kuliko hiyo. Na kama bado hajapata wa kuzungumza naye zaidi ya daktari wake, Help Musicians, shirika la hisani la huko Uingereza lililowahudumia wanamuziki tangu 1921, lilianzisha huduma iitwayo Music Minds Matter ambayo mwanamuziki anaweza kuipigia mchana au usiku.

Kisha mpeni lile tangazo alisome, na sehemu inayomhusu awe yeye ndiye mwenye kalamu. Mwaka huohuo wa 2022, tarehe 31 Januari, siku nne tu kabla ya albamu ya pili ya bendi ya Uingereza iitwayo Black Country, New Road kutoka, mwimbaji wao Isaac Wood alitangaza kwamba anajitoa. Alisema mwenyewe, kwa maneno machache, kwamba huzuni na hofu vimemfanya iwe vigumu kupiga gitaa na kuimba, na akawasifu wenzake sita ili asiwepo wa kudhani wamegombana. Hakuna aliyemsemea. Septemba ya mwaka huo Arlo Parks, mwimbaji wa London, naye alifuta baadhi ya maonyesho yake ya Marekani akiwaeleza mashabiki kwamba amechoka kupita kiasi na hali yake ya moyo imeshuka mno. Hao walikuwa na la kusema kuhusu nafsi zao, wakalisema kwa kiasi walichotaka. Mwimbaji wenu anaweza kutaka kusema mengi, au asitake hata neno afya lionekane, na ikiwa hivyo inatosha kuandika kwamba hawezi kupanda jukwaani kwa sasa. Siri ni yake, umesema mwenyewe katika barua yako, na umesema vizuri.

Hao wote niliowataja walitaja kila mmoja sababu yake. Ninyi mnazo mbili, na nadhani hapo ndipo meneja alipopotea, kwa kuona kwamba mbili ni nyingi na moja itatosha. Nilipokuwa msichana, Mombasa, kikundi cha taarabu kilikodiwa kwa arusi ya dada yangu. Asubuhi ya siku yenyewe kiongozi wao alikuja nyumbani kwa miguu, akakataa chai, akamwambia mama mambo mawili: mwimbaji sauti imemkauka, na mpiga fidla amekwenda kwenye arusi nyingine iliyomlipa zaidi. Mama alimpa tangawizi na asali ampelekee mwimbaji, kisha akamtolea maneno makali kwa ajili ya mpiga fidla, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Miaka miwili baadaye alimkodi mtu yuleyule kwa arusi yangu. Nimewahi kumuuliza kwa nini, akanijibu kwamba angalau alijua amkasirikie nani na kwa lipi.

Basi andikeni sababu mbili, kila moja na maonyesho yake. Kwa mfano: "Maonyesho yetu 11 ya Uingereza yamefutwa kwa sababu mwimbaji wetu anahitaji kupumzika, na sisi sote tunasimama naye. Maonyesho 8 ya Ulaya tulikuwa tumeamua kuyafuta kabla ya hapo, kwa kuwa gharama zake zilitushinda. Kuchelewa kuwaambia ni kosa letu. Kila aliyenunua tiketi atarudishiwa fedha. Albamu inatoka siku yake." Mkiongeza sana mtaharibu. Na msiandike "yameahirishwa" kama hamna tarehe mpya mkononi. Ninajua neno hilo ni tamu kuliko "yamefutwa", lakini onyesho likiahirishwa tiketi huendelea kuhesabika kuwa hai, na mwenye kutaka fedha yake inambidi aiombe, ilhali likifutwa fedha hurudi bila yeye kuhangaika. Kuzishikilia fedha za shabiki kwa tarehe ambayo hata daktari hawezi kuitaja si haki, na zaidi ya hilo, mtakuwa mmemwekea mgonjwa saa ya ukutani inayohesabu siku zake za kupona.

Kabla ya watu wote kujua, wako wanaostahili kujua kwanza. Mwimbaji ametangulia. Anafuata wakala, ili awapigie mapromota wote siku moja, asije wa Leeds akasikia kutoka kwa wa Brighton. Na wale ambao barua yako imewapita: bendi iliyokuwa iwafungulie maonyesho, fundi sauti, na dereva kama mlimkodi. Hao hawana lebo wala albamu ya kuwafariji, wamezikataa kazi nyingine kwa ajili ya tarehe zenu, na kadiri wanavyojua mapema ndivyo wanavyoweza kuijaza kalenda upya. Kila siku mnayoitumia kutafuta maneno mazuri ya kuwaambia mashabiki inatoka kwenye mfuko wa fundi sauti. Kama mna chochote cha kumpa kwa tarehe alizozipoteza, hata robo, mpeni.

Albamu msiisogeze. Ile ya Black Country, New Road ilitoka siku yake, tarehe 4 Februari, ikaingia namba 3 katika chati ya Uingereza ilhali mwimbaji ameondoka na maonyesho yamefutwa. Sisemi ya kwenu itafika huko. Ninasema kwamba kazi iliyokamilika haihitaji aliyeitenda asimame pembeni yake kila usiku ili iwe kazi. Tena ukiisogeza mbele, mwenye kulaumiwa atakuwa ni yuleyule mmoja, na safari hii atajilaumu hata kwa santuri. Kuna maduka huru ya santuri katika karibu kila mji mliokuwa mpite. Kwenu Bristol na mji mmoja au miwili ya jirani ombeni kikao cha kusikiliza albamu jioni ya Ijumaa hiyo, ninyi watatu mkae, mtie saini, mzungumze na watu. Msiimbe nyimbo zake. Santuri nyingine ziuzeni kwa mkono wenu kupitia Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki ambayo tangu Machi 2020 imekuwa na baadhi ya siku za Ijumaa ambapo haichukui fungu lake katika mauzo. Nakala 500 hazitaisha wiki ya kwanza, nazo hazina haraka, isipokuwa labda kwa sebule ya mpiga ngoma.

Yule wa lebo aliyesema huruma itasaidia mauzo, mwambie kwamba umemsikia. Hivyo tu. Mtu aliyesema jambo kama hilo kwa sauti ya kawaida anahitaji kujua kwamba kuna aliyelishika.

Sasa baba. Umeniandikia kana kwamba ukweli wa fedha utakushusha mbele yake, nami ninashuku umeupima vibaya. Wazee wa Mombasa waliokaa na biashara hawamdharau mtu aliyeivunja safari baada ya kuona haina faida. Wanayemdharau ni yule aliyesafiri kwa ajili ya jina akarudi na deni. Mpigie, usimtumie ujumbe, umwambie kwamba mlipiga hesabu, mkaona pauni 7,000 zinapotea, mkaivunja, na kwamba mwenzenu anaumwa. Atasema lile unalolijua, kwa kuwa baba ni baba. Mwache alimalize, kisha muulize yeye angefanya nini na tiketi 23 za Hamburg. Ninadhani mazungumzo hayo yatakuwa marefu, na yatakuwa ya kwanza kati yenu kuhusu muziki ambayo hayahusu kama uuache.

Dada wa Manchester mpigie usiku wa kuamkia tangazo ili awahi kuwaambia wenzake wa kazini kwa mdomo wake. Fedha za zile tiketi tano zitamrudia. Nauli ya treni ya mtoto wa mama yako mdogo ndiyo ambayo ukumbi wala promota hawatairudisha. Muulize kama bado inaweza kubadilishwa, na kama haiwezi, ilipe wewe.

Shangazi